Binti wa Kumi

River Road, Nairobi
Jumatatu, 8 Januari 1968

Shemeji Wamucii,

Siku ya Jumanne, tarehe 2 Januari, kati ya saa nne na saa sita mchana, picha zote kumi na nne za kitabu chetu cha hadithi cha watoto zilipotea juu ya meza yangu, hapa kwenye duka langu la kuchapa. Hazikuloa, hazikuungua, wala hazikupeperushwa na upepo. Zilipotea zikiwa ndani ya bahasha yao, na kile chuma nilichokuwa nimekiweka juu kuzizuia kikaachwa palepale.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu ndilo linalonikaba. Sasa nakusalimu. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje na vumbi hili? Watoto wa shule yako ya chekechea nao, wamerudi wote baada ya Krismasi? Sisi huku ni wazima. Dada yako Nyokabi anakusalimu sana na anauliza utakuja lini.

Siku ile nilikuwa nimetoka kwenda kuchagua karatasi. Niliporudi nikamwuliza Tobias, mpanga herufi wangu, nani aliingia. Akasema hakuona mtu, alikuwa amekwenda kunywa chai. Nikamlaumu muuza chai. Nikalilaumu fagio. Siku tatu nilipekua hata mapipa. Ijumaa ndipo Tobias, baada ya kujikuna kichwa sana, akaniambia kwamba wakati anarudi alimwona mwanamke kama wewe akielekea stendi ya basi na kikapu, akitembea kama mtu aliyebeba mayai. Nikamwuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema mambo ya mashemeji hayamhusu.

Shemeji, ukubwa wa jambo unaujua. Karatasi moja kubwa ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa kumi na sita. Moja ya jina, moja ya nyuma, kumi na nne za picha zako: mbega, kanga, nungunungu, kinyonga, ule mto wa Gitathuru wenyewe, na mwisho mabinti wanaporudi na vibuyu vya maji na mama yao amesimama mlangoni. Hakuna hata moja inayozidi, hakuna inayoweza kukosekana. Tumehangaika na kitabu hiki miezi saba, na nataka kiwe mashuleni muhula wa pili, mwezi wa Mei.

Na kama umezichukua ili uzitengeneze zaidi, hakuna haja. Kosa lilikuwa moja tu, nami nimelirekebisha bila kukulaumu. Maneno yangu yanasema mama aliwahesabu mabinti zake, wakawa kumi. Wewe ulichora tisa. Nilihesabu mara tatu, halafu nikamwambia Tobias ahesabu naye, tisa. Kuchoka kupo. Nikamwita Mwololo, yule anayeandika mabango ya maduka, akamwongeza wa kumi nyuma ya wenzake, mdogo, na kibuyu chake. Nusu saa, kazi ikawa imekwisha.

Basi niambie kama ziko kwako, na lini utazileta.

Ni mimi shemeji yako,
Kilonzo


Lower Kabete
Jumapili, 14 Januari 1968

Shemeji Kilonzo,

Salamu nyingi kwako na kwa Nyokabi. Kifua kinapumua. Watoto wamerudi wote isipokuwa wawili waliohamia Dagoretti. Mwambie Nyokabi maharagwe yapo, aje ayachukue kabla wadudu hawajayamaliza.

Picha ziko kwangu. Sikuziiba, maana nilizichora mimi. Nilikuja kukuonyesha rangi mpya ya yule kinyonga, nikakuta mlango wazi na hakuna mtu. Nikafungua bahasha. Nilipofika kwenye picha ya mwisho nilimwona huyo mtoto wa Mwololo. Nikazirudisha zote ndani, nikatoka. Usimlaumu Tobias wala muuza chai.

Sikukosea, shemeji. Nilichora wale niliotaka kuchora. Kwetu watoto hawahesabiwi mpaka mwisho. Mtu akikuuliza una wangapi unasema wapo, au unafika tisa unaishia hapo, basi wametimia. Hata hadithi yenyewe, jinsi mama yetu alivyotusimulia, haikuwa na hesabu ndani yake. Mama wa kwenye hadithi alisimama mlangoni, akawatazama wakipita, akafunga mlango. Hesabu umeitia wewe.

Nina swali moja na nakuomba unijibu kwa ukweli. Nani alikuambia kumi?

Picha sitazirudisha kwa sasa.

Ni mimi shemeji yako,
Wamucii


River Road, Nairobi
Jumatano, 17 Januari 1968

Shemeji Wamucii,

Natumaini u mzima. Sisi tunaendelea.

Hakuna aliyeniambia kumi. Nilipoleta mahari kwenu niliwakuta mabinti tisa, na wote tisa walikula nyama ya yule fahali wangu, nakumbuka vizuri sana. Kumi nimeiweka kwa sababu mtoto ana vidole kumi. Anasoma, anakunja kidole, anasoma, anakunja kidole. Mkaguzi wa shule aliyeyapitia maneno yale alikipenda kitabu kwa jambo hilo hasa: mtoto anajua wanyama wa kwao, anajua hadithi ya kwao, na anajifunza hesabu, vyote katika kurasa kumi na sita.

Sasa unaniambia watoto hawahesabiwi. Wewe, mwalimu. Asubuhi unaita majina kwenye rejista, au wapo tu?

Usidhani ni mambo ya Wakikuyu peke yenu. Hata kwetu Kitui baba yangu hakuhesabu mbuzi. Aliwajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao. Mwaka wa ukame akaja mnunuzi na lori, akawaswaga wote mpaka wa mwisho, akasema ni ishirini na saba. Mimi nilikuwa nimewahesabu kimya kimya tangu nikiwa mdogo. Walikuwa thelathini na mmoja. Nikasema. Baba akaninyamazisha mbele ya watu, eti nawaletea mbuzi mkosi. Lori likaondoka. Mimi nilikuja Nairobi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, nikafagia kiwanda cha chapa cha Mhindi miaka tisa, nikajifunza kusoma kwenye karatasi zilizoharibika, na sijawahi tena kumruhusu mtu aninyamazishe nikihesabu.

Watu hugombana kwa kupunguziwa. Mimi nimekosa kwa kuongeza. Nimeongeza mtoto mmoja tu, tena mdogo, tena nyuma kabisa, na wewe umebeba kazi ya miezi saba ukaondoka nayo kwenye kikapu.

Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Usipozileta, kitabu kitatoka bila wewe.

Ni mimi shemeji yako,
Kilonzo


River Road, Nairobi
Jumatatu, 9 Septemba 1968

Shemeji Wamucii,

Pokea salamu. Ni miezi minane kasoro wiki moja tangu nikuandikie, na hujanijibu hata kwa kadi. Natumaini kifua si kibaya. Mvua za Kabete nimezisikia. Hapa tuko wazima, ingawa nitakueleza.

Kitabu kilitoka bila wewe, kama nilivyosema. Picha zote kumi na nne amechora Mwololo. Nakutumia kimoja ndani ya bahasha hii ili uone kwamba sikufichi kitu.

Utacheka, basi cheka. Mwololo ni mtu mzuri na mkono wake hautetemeki, lakini kwa miaka kumi na miwili amechora mabango ya bucha. Kila mnyama wake anatazama upande mmoja na amenona mapajani. Yule paa anaonekana kama anauzwa kwa kilo. Nungunungu nilimrudisha mara mbili, mara ya tatu akaniletea kitu kama brashi ya viatu yenye macho. Na mabinti, kumi kamili, nimewahesabu, wote wanacheka kwa meno kama mwanamke wa kwenye tangazo la sabuni. Mama yao pia anacheka. Hakuna anayeonekana amebeba maji.

Nilichapa mia sita. Mpaka leo vimetoka mia moja na arobaini. Vingine vimerudi. Mwalimu mmoja wa Kitisuru alivirudisha mwenyewe, akanieleza kwa adabu kwamba watoto wake walimwuliza huu ni mto gani. Picha yako ya Gitathuru, shemeji, ina lile jiwe bapa na zile nyasi zinazolalia maji. Mtu yeyote wa Kitisuru angelijua lile jiwe. Nilijua hivyo siku ile ile uliponiletea, sikusema kwa sababu nilikuwa nawaza ukubwa wa bloku, zile sahani za chuma za kuchapia picha.

Jambo jingine ni la nyumbani. Nyokabi alikifungua kitabu mara moja, akakifunga, akakiweka juu ya kabati. Nikamwuliza kasoro ni nini. Akasema hana kasoro ya kusema. Tangu hapo ni hivyohivyo. Chai napewa, chakula napewa, maswali najibiwa. Lakini nikianza habari za kitabu anainuka kwenda kuanua nguo, hata kama kamba haina nguo.

Mimi si mtu wa kubembeleza, unanijua. Lakini sijui nilichokosa, na kosa nisilolijua siwezi kulirekebisha. Nimeongeza mtoto mmoja kwenye karatasi. Kama kuna zaidi ya hilo, niambie. Kama hakuna, niambie pia, nijue kwamba nimepoteza mwaka kwa sababu ya ukaidi wako na niache kufikiria.

Ni mimi shemeji yako,
Kilonzo


Lower Kabete
Jumapili, 16 Februari 1969

Shemeji Kilonzo,

Hujambo, na Nyokabi hajambo? Mimi ni mzima. Kifua kilinisumbua Novemba, kikaacha. Umenisubiri miezi mitano mingine, najua umeihesabu. Barua yako ya Septemba niliianza kuijibu mara nyingi. Leo nimetoka kanisani nikasema sitavua viatu kabla sijaimaliza.

Tulikuwa kumi.

Uliwakuta tisa kwa sababu ulikuja baadaye. Wa mwisho aliitwa Wangeci. Nyokabi anamjua, walilala kitanda kimoja. Lakini kuna jambo Nyokabi halijui, au hakuwa analijua mpaka mwezi uliopita alipokuja hapa na kile kitabu cha Mwololo, akaniuliza kwa nini kuona mabinti kumi kunamfanya ashindwe kula. Ndipo nikamwambia. Sasa nakuambia wewe.

Mwaka wa 1954, wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya Wazungu, walipotuhamisha kutoka kwenye ukingo wetu wa mto na kutuweka kwenye kijiji kilichozungukwa na mtaro, kila nyumba iliandikwa. Karani alikaa kwenye kiti na daftari lake, askari amesimama pembeni. Akamwuliza mama ana watoto wangapi. Mama akasema wapo. Akaulizwa tena. Akasema wametimia. Karani akamwambia, "Mama, hapa tunaandika namba. Taja namba au nyumba yako haitapewa chakula."

Mama akatugeukia. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikamwona akituonyesha kwa kidole mmoja mmoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maisha yake yote. Akamhesabu hata Nyokabi, aliyekuwa kwa shangazi Limuru siku ile. Alipofika kwa Wangeci kidole kilisita. Halafu akasema kwa sauti, "Kumi."

Karani akaandika. Mvua za mwaka ule hazikuwa zimekwisha, Wangeci akashikwa na homa. Hakuwa peke yake, kijiji kizima kilikuwa na homa, watoto wengi walikwenda. Mama hakuona wengi. Aliona kidole chake. Mpaka anakufa, mkono ule wa kulia aliufunga ndani ya shuka kila mtoto alipopita mbele yake.

Mimi nafundisha Shule ya Jumapili, shemeji. Siamini kwamba neno linaua mtoto. Homa iliua, na njaa, na yale maji ya mtaro. Nikikuambia naamini vingine nitakuwa nakudanganya. Lakini nilipochora picha ile ya mwisho nilichora mabinti wa mama yangu wanaorudi mtoni, na mkono ukasimama kwenye tisa. Sikuuamuru. Nikaona picha imekwisha.

Kisha nikaja River Road na kikapu changu, nikafungua bahasha, nikamwona. Mwololo hakujua, wewe hukujua. Lakini amemweka nyuma, anakimbia kidogo kuwafikia wenzake, na Wangeci siku zote alikuwa nyuma anakimbia kidogo. Sikuchukua picha kwa hasira, ujue hivyo. Nilishindwa kumwacha pale mezani na kuondoka.

Nilijaribu kumfuta. Nilinunua wembe. Rangi ya Mwololo ni ile ya mabati, imeingia mpaka ndani ya karatasi, haitoki kwa maji. Nilianza na kibuyu, kikatoka. Nikafika miguuni, mkono ukanishinda. Kwa hiyo yuko hivyo mpaka leo, ndani ya sanduku, anawakimbilia wenzake mikono mitupu. Siwezi kumfuta, na siwezi kuvumilia kwamba kila mtoto darasani atamwonyesha kwa kidole na kusema ile namba.

Mbuzi wa baba yako nimewafikiria. Pole. Nisingependa kuwa wewe siku ile, na wewe usingependa kuwa mama.

Ni mimi shemeji yako,
Wamucii


River Road, Nairobi
Jumatatu, 24 Februari 1969

Shemeji Wamucii,

Barua yako ilifika Ijumaa. Nakusalimu, nakuombea afya, na nakupa pole ya Wangeci, ambayo imechelewa miaka kumi na tano lakini sikuwa na jinsi ya kuitoa mapema. Mngeniambia siku ya mahari ningejua. Hilo bado linaniuma, na sitajifanya haliniumi. Kaya nzima ilikaa pale inanitazama nikila, na hakuna aliyesema kuna mmoja hayupo. Mwaka mmoja na wiki saba nimeonekana mkaidi ndani ya nyumba yangu kwa jambo ambalo kila mtu alilijua nusu nami sikujua hata robo.

Nimemaliza kulalamika. Sasa kazi.

Jumamosi sikufungua duka. Nilikaa na Tobias, tukayatoa maneno ya kitabu kwenye rafu, maana herufi zake sikuwa nimezibomoa. Ile namba ilikuwa ndani mara nne: ukurasa wa pili, wa saba, wa kumi na moja, na wa kumi na tano. Nimeing'oa zote nne kwa mkono wangu. Mistari ikalegea, Tobias akaikaza. Ukurasa wa kumi na tano sasa unasema hivi: "Mama akasimama mlangoni. Akawatazama mabinti zake wakipita, akafunga mlango." Basi. Hakuna anayehesabiwa. Mtoto anayetaka kujifunza hesabu akahesabu viatu. Nilimwambia mkaguzi wa shule asubuhi ya leo, akakunja uso, nikamwambia achukue hivyo au aache. Ameomba siku mbili afikirie. Afikirie.

Vile mia nne na sitini vya Mwololo vilivyobaki nimevitoa dukani. Nimemlipa kazi ya mkono wake na hajanuna. Anasema mwenyewe kwamba nungunungu alimshinda. Sikumweleza kwa nini, ila aliniuliza kama yule mtoto wa kwanza aliyemchora bado yupo, nikasema yupo.

Nyokabi nimemsomea barua yako yote, kwa sababu aliomba. Aliposikia habari za wembe alitoka nje, akarudi. Ana lake la kusema kuhusu picha ile, na nimemkataza kukuandikia, kwa sababu si yeye aliyesimama pale mama alipoonyesha kidole. Sitakuambia analotaka. Ukijibu, atakuambia mwenyewe.

Kwa hiyo limebaki moja. Maneno sasa hayasemi tisa wala kumi, picha yoyote itakubaliana nayo. Picha kumi na tatu nazitaka kama zilivyo, usiguse hata unyoya wa kanga. Ya kumi na nne inaweza kuingia kama ilivyo, na yeye nyuma, mikono mitupu. Au unaweza kuchora nyingine ya mabinti uliowachora mwanzo, na hiyo ya kwanza ibaki sandukuni mwako, nami sitaiuliza tena maisha yangu yote. Bloku kwa kawaida zinachukua siku tatu. Fundi wa bloku anasafiri Machi mosi kwenda kwao, hatarudi kabla ya Julai, naye anafunga Ijumaa saa saba mchana. Picha kumi na tatu Tobias atazifuata kwako Alhamisi, nitashukuru ukimpa. Fundi amenikubalia azianze Alhamisi hiyohiyo na kuzimalizia usiku, na ya mwisho, ikija na jibu lako, ataipokea Ijumaa kabla hajafunga mlango, aimalize usiku huo. Ukiniambia unachora upya, nitamwachia msaidizi wake maelekezo na tutasubiri, kitabu kitatoka kikichelewa, sitanung'unika kwa sauti.

Usiniandikie kwamba niamue mimi. Mara ya kwanza niliamua mimi, nusu saa, kazi ikawa imekwisha, na tazama tulipofika. Usimtumie Nyokabi ujumbe, wala usinitumie maharagwe badala ya jibu. Nataka neno moja kwenye karatasi, kwa mkono wako, liwe juu ya meza yangu Ijumaa hii, tarehe 28 Februari, kabla ya saa sita mchana:

Wangeci aingie, au asiingie?

Ni mimi shemeji yako,
Kilonzo